Mwaka Benchi Lilipoacha Kukohoa

Nikipita soko kuu la Songea kutafuta dagaa wa Nyasa, kuna wauza mboga wanaoniita Mama Makohozi. Wananiita kwa sauti mbele za watu, na mimi huitika na kusogea, maana jina hilo nimelitolea jasho. Miaka yote ya kazi yangu nilikuwa nesi wa kifua kikuu. Nilianza kwa kugawa dawa wodini, nikamaliza nikiwa mratibu, yaani mtu wa kuzunguka zahanati za vijijini kuwaangalia manesi na matabibu walioko huko: kama wana dawa, kama wana vikopo vya kuchukulia makohozi, kama bado wana moyo au wamekata tamaa. Hilo la mwisho hakuna aliyenituma, lakini ndilo lililonila muda mwingi.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mmeniomba niwaambie tulivyokuwa tukifanya. Nitawaambia, ila msinidai mpangilio. Na mjue mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikikosa la kuhofia, nitahofia kwa nini leo sina hofu. Alikuwa ananitania, lakini hakukosea sana. Hata sasa nikiwa kanisani, mtu akikohoa viti vya nyuma, mahubiri yananipita nikijiuliza kama ni mafua ya juzi au ni kifua cha siku nyingi. Kustaafu hakukuniondolea hilo, na sidhani kama nataka liondoke.

Tuanze na makohozi yenyewe, kwa sababu wengi wenu mnayaonea kinyaa na mnayaharakisha. Mate si makohozi. Ukimpa mtu kikopo ukamwambia "kohoa humu", atatema mate, atafunga kifuniko, na atakurudishia kwa heshima zote. Maabara watakuletea jibu kwamba hana kitu, kumbe kifua chake hakijaulizwa. Mpeleke nje kwenye uwazi, asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni. Asukutue kinywa kwa maji. Avute pumzi mpaka mabega yapande, aiachie, avute tena, kisha akohoe kutoka kule chini kwenye mbavu. Wewe mwonyeshe kwanza, usione haya. Mimi nimekohoa kikohozi cha uongo mbele ya wazee wa kijiji, mbele ya shehe na mbele ya padri, nimeshika mbavu kama mtu anayekata roho, na wote wakanielewa.

Halafu muulize kama ni yake. Mnacheka. Kulikuwa na mzee mmoja upande wa Namtumbo, mkulima wa tumbaku, mtu mstaarabu sana. Nilimpa kikopo aende nacho nyumbani, aniletee asubuhi. Akaniletea kizuri, kizito, nikamsifu mbele ya watu. Jibu likatoka kwamba ana vimelea vya kifua kikuu. Nikamfuata mpaka kwake na dawa mkononi, nikamweleza taratibu, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ahsante, Mama. Basi dawa hizo itabidi tumpelekee shemeji yangu."

"Shemeji yako kafanyaje?"

"Mimi asubuhi nilikohoa, nikakosa. Nikaona aibu kuja mikono mitupu na wewe umetoka mbali. Nikaazima kwa shemeji, yeye anayo ya kutosha."

Nilikaa chini kwenye kizingiti chake. Shemeji tulimpata, akaanza dawa, akapona, na yule mzee kila nikikutana naye hujidai kwamba yeye ndiye aliyemgundua. Tangu hapo sikupokea kikopo cha mtu bila kuuliza kimetoka kifua cha nani.

Kazi ya kuzunguka nilifundishwa na tabibu mmoja wa zamani wa ukoma, nitamwita Mzee Mapunda. Alikuwa mkali, hapendi chai ya wenyeji wake, hapendi kusindikizwa. Akifika zahanati haingii ofisini. Anakwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa, anakunja mikono, ananyamaza kama naye kaja kutibiwa. Mara ya kwanza nilipoongozana naye nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikiona tunaadhirika. Akaniita nikae.

"Ukiingia ofisini utaambiwa kazi inavyokwenda," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hapa kaa usikilize mwenyewe."

Nikakaa. Na kweli, benchi la zahanati lina mengi. Utamsikia mama anayelalamika kwamba amezungushwa tangu jana. Utasikia dawa gani imekwisha kabla mfamasia hajakuambia. Na utasikia vikohozi. Kuna cha moshi, maana wakulima wa tumbaku wanashinda kwenye mabani ya kukaushia majani na moshi wake unawakaa kifuani. Kuna cha mafua, cha maji maji, kinachopiga kelele nyingi. Na kuna kile kikavu kinachorudi na kurudi, ambacho mwenyewe amekizoea hata haweki tena mkono mdomoni. Sikio halipimi ugonjwa, msije mkasema Mama Makohozi kawafundisha uganga. Kipimo ndicho kinachosema. Lakini sikio linakuambia umpe nani kikopo, na kwa miaka mingi mimi nilipata wagonjwa wangu kwa kukaa kwenye benchi.

Basi ikaja Corona, na benchi likanyamaza.

Niligundua hilo kwenye zahanati moja ya njia ya kwenda Tunduru. Nilikuta ndoo ya kunawia mlangoni, watu wamevaa barakoa za kitenge, wameachiana nafasi kama walivyoambiwa. Benchi lilikuwa limejaa hadi wengine wamekaa chini ukutani. Nikakaa nami, nikasubiri. Sikusikia kitu. Nikadhani masikio yangu yamezeeka. Kisha nikamwona mwanamume aliyekaa mbele yangu: mabega yanaruka, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtiririka. Alikuwa anakohoa akiwa amefunga mdomo. Jirani yake alikuwa anatafuna tangawizi, na wa pili yake anamumunya karafuu. Watu walikuwa wamejifunza kumeza vikohozi vyao.

Msiwalaumu. Siku zile habari zilikuwa chache na uvumi ulikuwa mwingi. Mtu akikohoa msibani, anaonyeshwa njia. Akikohoa kilabuni, wenzake wanahama na vikombe vyao vya ulanzi. Kulikuwa na maneno kwamba ukikohoa hospitalini linakuja gari linakuchukua na hawakuoni tena nyumbani. Kwa hiyo mwenye kifua kikuu, ambaye kikohozi chake ndicho kingemwokoa, akakificha kwanza kuliko wote. Wengine walikwenda kujifukiza chini ya blanketi na majani ya mwarobaini, wakitoka jasho na kupungua uzito, na uzito ukipungua wanasema mvuke unafanya kazi. Nilikuwa narudi mjini na kiboksi cha sampuli kitupu. Kiboksi kitupu wakubwa walikiona kama habari njema. Mimi nilijua hawajapona, wamenyamaza tu.

Na malaria ilikuwa palepale, mvua zilipoanza ikaja kama kila mwaka. Hapo nikaona jambo sijawahi kuliona. Mtu anakuja na homa, anatetemeka kwa hofu kuliko kwa homa yenyewe, nesi anamtoboa kidole, kipimo kinaonyesha ana malaria. Mwanamume mmoja aliruka akasema, "Alhamdulillahi, ni malaria," na benchi zima likampongeza kama aliyepata mtoto. Nesi naye akashusha pumzi, akampa dawa ya mseto, akaita anayefuata. Malaria ambayo imetuulia watoto wetu tangu enzi, mwaka ule ikawa habari ya kumshukuru Mungu. Nami nawaomba sana mlishike hili: mtu akikutwa na malaria haina maana hana kingine. Mwili haupangishi mpangaji mmoja. Muulize kifua, muulize jasho la kulala, muulize uzito, hata kama ameshafurahi na anataka kwenda zake.

Siku hizo magari yetu yalichukuliwa kwa dharura. Semina zikafutwa. Matabibu wa vijijini waliitwa mjini kusaidia wodi ya kutengwa, na kwenye zahanati nyingi akabaki nesi mmoja peke yake na malaria yake, wajawazito wake, chanjo zake, wagonjwa wake wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na sasa Corona juu. Tukaambiwa tuwasaidie kwa simu. Nilipiga simu mpaka sikio likawaka moto. Lakini ukimuuliza nesi kwa simu u hali gani, atajibu salama. Atajibu salama hata kama amekaa sakafuni.

Mmoja wao nitamwita Devota. Si jina lake. Alikuwa binti wa watu wa Peramiho, mwembamba, mcheshi, mumewe anahangaika na mawe ya vito huko Tunduru. Alikuwa na mtoto wa kike anayenyonya, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, alifanya kazi naye mgongoni. Anapima presha mtoto yuko mgongoni, anachoma sindano mtoto yuko mgongoni. Zahanati yake ilikuwa ndani, mbali na lami, kwenye kijiji cha mahindi na tumbaku. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akinitania. Akiniona nashuka kwenye pikipiki na kiboksi changu husema, "Haya, mwenye kikohozi na akitoe, mnunuzi amefika."

Katika ule ukame wa vikopo, Devota akatuma kimoja. Kilikuja na bodaboda, kimefungwa vizuri, na maelezo kwamba ni cha mwanamke kijana anaitwa Rehema. Maabara wakanipigia: Rehema ana vimelea, tena vingi. Nikampigia Devota papo hapo.

"Ana watoto nyumbani?" nikamuuliza.

"Anaye mmoja, Mama. Ananyonya."

Mtoto anayenyonya, analala kifuani kwa mama mwenye vimelea vingi, huyo hana siku za kusubiri. Nikamwambia Rehema aletwe kesho yake nimwanzishe dawa mwenyewe, na mtoto aje tumwangalie, aanzishiwe dawa ya kinga. Devota akasema sawa. Nilipouliza tena, akasema Rehema amehamia Nakapanya kwa mumewe. Nikamwambia anipe namba ya mume niwaombe wenzetu wa huko wamfuate. Akasema namba haipatikani. Nilipouliza tena, Rehema amerudi ila yuko shambani, mbali. Mimi kila nikikaa kula namwona yule mtoto. Nilimwona na uso kabisa, na sikuwahi kumwona. Mwishowe nikafunga mkoba, nikapanda basi la Namtumbo, na pale nikachukua pikipiki.

Nilipofika nikakaa kwenye benchi. Kimya. Watu wanatazama chini. Kutoka ndani nikasikia Devota akiita majina, na sauti yake imekwaruza kama ya mtu aliyeimba mkesha mzima. Alipotokea mlangoni kuniamkia, harufu ya tangawizi ilimtangulia. Mkanda wa sare yake alikuwa ameubana kwa pini nyuma ili usidondoke. Nikamwambia amalize wenye homa, kisha anipeleke kwa Rehema.

"Ni mbali, Mama."

"Nimetoka Songea, mwanangu. Usiniambie mbali."

Tukaondoka, yeye mbele, mtoto mgongoni, mimi nyuma na dawa kwenye mkoba. Tukapita mahindi, tukapita mabani mawili yanayotoa moshi. Kulikuwa na kilima kidogo tu, ambacho mimi na miguu yangu ya uzee nilikipanda nikizungumza. Devota alikuwa hajibu. Katikati ya kilima akasimama, akashika magoti. Mgongo ulikuwa unapanda na kushuka.

"Mama, tusiende zaidi," akasema. "Rehema hayupo. Kile kikopo kilikuwa changu."

Kisha akakohoa. Alikohoa kikohozi alichokimeza wiki nyingi, kikatoka chote pale njiani, akaishia kukaa chini kwenye majani. Mtoto mgongoni akawa anarushwa na kila kikohozi, na akawa anacheka, akidhani mama anamchezesha. Sijasahau kicheko kile. Nilimfungua mgongoni nikambeba mimi.

Hasira ndiyo ilinijia kwanza, nisiwadanganye. Kisha ikaja hofu, na hofu ikabaki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanyaje? Ungenitoa kazini. Ukinitoa mimi, pale anabaki nani?"

Akaendelea, akivuta pumzi katikati ya maneno. Alianza na homa. Akajitoboa kidole mwenyewe, akakuta malaria, akafurahi kama wote walivyofurahi, akameza mseto. Homa ikashuka, kifua kikabaki. Ikarudi, akajipima tena, malaria tena, akajituliza tena. Alipoanza kushindwa kumbeba mtoto ndipo akachukua kikopo, akatoka nyuma ya zahanati, akakohoa, akaandika jina la kwanza lililomjia.

"Wakisikia nesi anakohoa hawatauliza anakohoa nini, Mama. Watasema Corona. Hakuna atakayekuja. Wajawazito watazalia majumbani. Mtoto wa homa atafunikwa blanketi afukizwe mpaka apate degedege. Nilisema nikipata tu dawa, nimeze kimyakimya, nipone, yaishe."

"Na huyu?" nikamwonyesha mtoto.

Hapo ndipo alipolia.

Nawaambia hili ninyi mtakaokuja kuwa wasimamizi. Tunawauliza manesi wamepima wangapi, wamechanja wangapi, wamebakiza dawa ngapi. Swali la kwanza liwe: wewe mwenyewe umepimwa lini? Na uulize ukiwa umemtazama, si kwa simu.

Kulikuwa na sehemu moja kijijini penye mtandao, karibu na mashine ya kusaga. Nikasimama hapo nikampigia mkubwa wangu wilayani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sote.

"Mama, mtu nikutolee wapi?" akaniuliza. "Hata hapa wodini tunazibana zamu."

"Basi nitakaa mimi mpaka nesi apate nguvu."

"Wewe? Na sukari yako hiyo? Unajua Corona inavyowafanya wenye sukari."

Nilijua. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, nilikuwa nimeshachagua rangi ya bati la nyumba yangu. Niliogopa sana, na nilipokata simu nilikaa kwenye gunia la pumba pale mashineni nikaomba Salamu Maria, nikakosea maneno niliyoyajua tangu utotoni. Halafu nikarudi zahanati kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kurudi.

Mambo ya kitaalamu yalikuwa haya. Sampuli ya Corona tuliichukua ikapelekwa mbali, na majibu yake hayakuwa ya kungojewa. Kwa hiyo tulimchukulia Devota kama mtu mwenye vyote viwili mpaka tuambiwe vingine. Nyumba yake ya zahanati, madirisha wazi mchana kutwa. Barakoa wakati wote, na anaponyonyesha hasa. Msimwachishe mtoto ziwa, hilo ni kosa wanalofanya wengi kwa hofu. Mume aambiwe apimwe huko huko aliko. Mtoto nilimpima uzito, nikamkagua, nikashukuru sikuona dalili. Nikamsagia dawa ya kinga kwenye kijiko cha maji. Akaitema yote kwenye gauni langu. Nikasaga nyingine nikamvizia akipiga miayo.

Lakini asubuhi ya kwanza ndiyo ninayotaka kuwaambia.

Niliamka nikafungua zahanati, nikavaa barakoa mbili, nikatoka barazani. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Wakaniona mimi badala ya Devota. Shikamoo zikatoka, lakini macho yalikuwa yananipita yakitafuta nyuma yangu.

"Nesi wetu yuko wapi?" akauliza mwanamume mmoja.

"Amepumzika," nikasema.

Lilikuwa jibu baya. Nesi wa zahanati ile hakuwahi kupumzika hata siku moja, na kila mtu alilijua hilo. Minong'ono ikatembea kutoka mwisho mmoja wa benchi hadi mwingine, na nikalisikia neno lenyewe likipita. Mwanamume yule akainuka, akaikunja kofia yake, akaondoka. Wawili wakamfuata. Mama mmoja kijana alikuwa na mtoto aliyelegea begani, macho ya mtoto yamegeuka nusu, na hata kutoka nilipo niliona anavyohema kwa homa. Yule mama akamfunika mtoto kitenge, akasimama.

Nikamwambia, "Mwanangu, kaa, nimpime huyo kwanza."

"Nitarudi, Mama," akasema, na tayari anarudi kinyumenyume. Nilijua hatarudi. Atakwenda nyumbani, maji yatabandikwa jikoni, blanketi litaletwa. Nikataka kumshika mkono na nikaogopa kumshika mkono. Nilisimama pale na elimu yangu yote nikiwa sina neno moja la kuwaambia watu wale, maana kuwaambia ukweli kulikuwa kumvunjia Devota siri yake, na kutosema kulikuwa kunawaondoa mmoja mmoja.

Devota akatoka kwake. Nyumba yake ilitazamana na baraza, uwanja tu katikati. Alikuwa amevaa barakoa, hakuvaa sare, amejifunga khanga mbili na bado unauona mwili ulivyokwisha. Hakusogea karibu. Akasimama pale uwanjani kwenye jua, kiganja cha mkono amekifumba.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Msiondoke. Mimi nina TB. Nimepimwa, imeonekana. Nimekuwa nikikohoa ndani, mkitoka nyie mimi nafunga mlango nakohoa. Dawa zangu ni hizi."

Akafungua kiganja, akawaonyesha vidonge. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akashusha barakoa, akavitia mdomoni, akanywa maji ya kwenye chupa, akapandisha barakoa yake. Yule mama mwenye mtoto alikuwa amesimama kwenye njia, hajaenda, hajarudi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa bibi mmoja, ameegemea fimbo, mtandio umemfunika mdomo na pua. Akauliza kwa sauti ya kukatika, "Na gari? Gari linakuja kukuchukua?"

"Hapana, bibi. Nipo hapahapa. Nameza nalala, nameza nalala."

"Na Mama huyu katumwa kutuandika?"

"Huyu amekuja kunishikia kazi nikiumwa."

Bibi akanitazama muda. Kisha akashusha mtandio wake. "Basi na mimi nikohoe, mlongo wangu, ndugu yangu," akasema. "Kifua kinanipasuka tangu mavuno."

Akakohoa. Alikohoa vibaya, mwili mzima, fimbo ikamponyoka. Kabla hajamaliza, mwanamume wa katikati ya benchi naye akaachia, kisha mwanamke wa kando yake, kisha aliyekaa ukutani. Wengine walikuwa na moshi tu, wengine mafua, na wengine, Mungu wangu, wengine nilivisikia vile vikavu nilivyovitafuta miezi yote ile. Nilifurahi, na nilikuwa na hofu ya kutaka kukimbia, vyote kwa pamoja. Sijui kama mnaweza kuelewa mtu kufurahia jambo kama hilo. Yule mama kijana akarudi, akakaa, nikamchukua mtoto wake kabla ya wote. Malaria kali. Nikampa dawa ya kuanzia, nikaita pikipiki iwapeleke kituo cha afya na mama yake, na nilipouona mkono wa mtoto umeshika kitenge ndipo nikarudi kwa wengine.

Nikachukua vikopo, nikawatoa waliokohoa nje kwenye uwazi, nikawapanga mbalimbali. Nikaanza kuwaonyesha namna ya kuvuta pumzi, mabega juu, mkono kwenye mbavu. Nilikuwa nimesimama mbele yao, nimejisahau, nikisema kohoeni kutoka chini, na wao wakakohoa.

"Mama, hama hapo," ikaja sauti kutoka upande wa pili wa uwanja. "Upepo unakuletea wewe."

Alikuwa Devota, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, hana hata nguvu ya kusimama, na mtoto kamlalia pajani. Alikuwa ananyoosha kidole kuonyesha nisimame wapi. Wengi wenu sauti hiyo mnaijua, na jina lake la kweli mnalo, maana ndiye anayewapangia zamu siku hizi, na mkikohoa kwenye korido anawatokea na kikopo. Nikahama.